KIU NA PRESHA: MJUMBE MMOJA, KAZI MBILI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu niliombwa niandike somo badala ya shairi. Nimechagua somo la baiolojia, nami nina sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba wapo wenzetu wanaosema kila mara ati Kiswahili ni cha mashairi, insha na methali tu, na kwamba mambo ya figo na homoni hayasemeki ila kwa Kiingereza. Ubishi huu hauishi kwa kupigiana kelele bwenini. Utaisha mtu akikaa chini akayaeleza mambo hayo kwa Kiswahili, kisha wasomaji waamue wenyewe kama wameelewa.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne hapa Kenya alikuwa na presha ya juu, na wengi walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hesabu basi watu wazima wanne unaowajua nyumbani. Jambo hili halituhusu kwa sababu ya mtihani tu.

Neno la vitabuni ni shinikizo la damu. Nyumbani na sokoni watu husema presha, nami nitatumia lile la sokoni, maana ndilo nyanya zetu wanalolijua.

1. Mchuzi uliokauka

Tuanze na maji. Mwili wa mwanamume mzima ni maji kwa kiasi cha asilimia 60 ya uzito wake. Kijana wa kilo 50 anatembea akiwa amebeba karibu lita 30 za maji ndani yake. Maji haya si maji matupu, yana chumvi. Afya yetu inategemea uwiano wa hivyo viwili: maji kiasi fulani kwa chumvi kiasi fulani.

Hebu fikiria sufuria ya mchuzi iliyosahauliwa motoni. Mpishi hakuongeza chumvi hata punje moja, lakini ukionja unakuta chumvi imezidi. Kwa nini? Maji yamekwenda hewani, chumvi imebaki. Ndivyo ilivyo damu yako baada ya kulima au kucheza kandanda saa nane za mchana. Jasho lina chumvi kidogo kuliko damu, kwa hiyo unapotoka jasho jingi unapoteza maji zaidi kuliko chumvi, na "mchuzi" wako unakolea.

Ajabu ni kwamba mwili haungoji mchuzi ukauke. Chumvi katika damu ikikolea kwa asilimia 1 au 2 tu, tayari mtu anasikia kiu. Hakuna mpishi mwenye ulimi mwepesi namna hiyo. Je, ulimi huo uko wapi?

2. Mwonjaji aliye ubongoni

Uko ndani ya ubongo, chini yake katikati, mahali paitwapo haipothalamasi. Ni sehemu ndogo, ukubwa wake kama lozi, lakini ndiyo inayosimamia joto la mwili, njaa, usingizi na kiu.

Si mnakumbuka lile jaribio la viazi tulilofanya maabarani? Tulikata vipande vya viazi, vingine tukavitia katika maji matupu na vingine katika maji ya chumvi nyingi. Vya maji matupu vilikakamaa, vya chumvi vikalegea na kusinyaa. Maji yalitoka ndani ya seli za viazi yakaenda kwenye chumvi. Hiyo ndiyo osmosisi. Basi, haipothalamasi na majirani zake zina seli ambazo kazi yake ni kusinyaa! Damu ikikolea chumvi, maji hutoka katika seli hizo, nazo husinyaa kidogo, na huko kusinyaa ndiko kunakowasha ujumbe wa neva: maji yamepungua.

Mwanasayansi Ernest Verney wa Cambridge, Uingereza, alieleza mwaka wa 1947, baada ya majaribio mengi kwa mbwa, kwamba ni lazima ubongo uwe na vipima-chumvi vya aina hiyo. Miaka michache baadaye huko Sweden, Bengt Andersson alitumia wanyama ambao sisi tunawafahamu vizuri: mbuzi. Alitia matone machache ya maji ya chumvi moja kwa moja ndani ya haipothalamasi. Mbuzi ambao hawakuwa na haja ya maji walianza kunywa, na wakanywa kupita kiasi. Miili yao haikuwa na upungufu wowote. Mwonjaji alidanganywa, naye akaamrisha wanywe.

Hapa pana swali ambalo mwanafunzi makini atauliza. Tumefunzwa kwamba ubongo umezungushiwa ua: mishipa yake ya damu imezibwa vizuri ili vitu vya hovyo vilivyo katika damu visipenye. Ikiwa kuna ua, huyo mwonjaji anaionjaje damu? Jibu ni kwamba ua huo una madirisha. Ziko sehemu chache ndogo ambazo hazikuzibwa, na damu inazifikia waziwazi. Moja yao huitwa ogani ya sabfonikali. Likumbukeni dirisha hili, tutalirudia.

3. Tarishi wa kwanza: vasopresini

Mwonjaji akishagundua upungufu, hufanya mambo mawili. La kwanza ni kukufanya usikie kiu. Lakini kiu peke yake haitoshi, maana huenda uko darasani na kengele bado, au uko njiani na kisima kiko mbali. Kwa hiyo la pili ni kuyalinda maji yaliyobaki. Kazi hii amepewa homoni.

Homoni ni nini? Ni tarishi. Mwalimu mkuu akitaka jambo lifanyike jikoni, haendi mwenyewe. Humpa tarishi karatasi, naye tarishi hupita mbele ya madarasa yote bila kuingia, mpaka afike kwa yule ambaye barua ni yake. Homoni nayo husafiri ndani ya damu ikipita kila mahali, lakini barua yake husomwa tu na seli zenye kipokezi kinachoifaa.

Tarishi wetu wa kwanza ni vasopresini, ambaye katika vitabu vyetu pia huitwa homoni ya kuzuia mkojo. Hutengenezwa katika haipothalamasi, huteremshwa hadi sehemu ya nyuma ya tezi ya pituitari, na hapo hungoja amri. Ni molekuli ndogo ya asidi amino 9 tu. Vincent du Vigneaud wa Marekani aliweza kuiunda maabarani, na mwaka wa 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi yake ya aina hiyo.

Barua ya vasopresini inakwenda kwenye figo. Figo zako huchuja karibu lita 180 za majimaji kila siku. Ndiyo, lita 180! Kama zote zingetoka nje, tungekuwa tumekwisha kabla ya kengele ya saa nne. Karibu zote hurudishwa katika damu, na mtu akakojoa lita moja au mbili tu. Vasopresini inapofika katika mirija ya mwisho ya figo, hufanya vimilango vya maji vipandishwe kwenye kuta za seli, na maji yakarudi mwilini kupitia humo. Vimilango hivyo huitwa akwaporini, na Peter Agre wa Marekani aliyevigundua alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka wa 2003.

Sasa mnajua kwa nini mkojo wa asubuhi huwa wa manjano iliyokolea. Usiku kucha hukunywa kitu, na tarishi alikuwa kazini. Mnajua pia kwa nini mlevi hukojoa kila mara: pombe humzuia tarishi asitumwe, na ndiyo maana mtu huamka na kinywa kikavu ingawa jana yake alikunywa chupa nzima nzima. Tena upo ugonjwa ambapo vasopresini haitoki kabisa, na mgonjwa huweza kukojoa lita 10 au zaidi kwa siku moja, huku kiu ikimfukuza kwenye mtungi mchana na usiku.

4. Tarishi wa pili: angiotensini

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: kumbe kiu ni jambo la chumvi tu. Ngoja kwanza. Mtu aliyekatwa na panga akavuja damu nyingi hupoteza maji na chumvi pamoja. Mchuzi umemwagika, haukukauka. Ukiuonja uliobaki, chumvi ni ileile. Mwonjaji wetu hawezi kulalamika. Lakini waliowahi kuwahudumia majeruhi wanajua kwamba wengi huomba maji. Wa kipindupindu naye ni hivyohivyo. Je, kiu hiyo inatoka wapi?

Inaanzia kwenye figo. Damu ikipungua, presha yake huteremka. Kwenye mlango wa kila kichujio cha figo ziko seli zinazosikia mteremko huo, nazo humwaga kimeng'enya kiitwacho renini. Fuateni hatua hizi taratibu:

Kwanza, ini letu kila siku humwaga katika damu protini ndefu iitwayo angiotensinojeni. Haina kazi, inaelea tu.

Pili, renini inapoikuta huikata kipande cha asidi amino 10. Hicho ni angiotensini ya kwanza, nayo bado haina nguvu.

Tatu, damu inapopita katika mishipa, hasa ile ya mapafu, kimeng'enya kingine hukata asidi amino 2 zaidi. Zikibaki 8 tunapata angiotensini ya pili, na huyu ndiye tarishi mwenyewe.

Kwa nini mlolongo mrefu hivi? Kwa sababu tarishi huyu ana nguvu sana, na si vizuri azurure ovyo. Kila hatua ni mlango wenye mlinzi wake.

Angiotensini ya pili hubeba barua nne kwa wakati mmoja. Kwa mishipa ya damu husema: jikazeni. Mishipa ikijikaza, damu kidogo iliyobaki inapata msukumo wa kutosha kufika kichwani. Kwa tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo kama kofia, husema: toeni aldosteroni. Hiyo ni homoni inayoziambia figo zirudishe chumvi, na chumvi inaporudi maji huifuata. Kwa figo zenyewe husema vivyo hivyo moja kwa moja. Na barua ya nne hupelekwa ubongoni.

Hapo ndipo lile dirisha tulilolitaja linapofaa. Angiotensini haiwezi kuruka ua wa ubongo, lakini katika ogani ya sabfonikali hakuna ua. Inaingia, inasomwa, na ubongo hujibu kwa njia nyingi: kiu inakuja, hamu ya chumvi inaamka, vasopresini inatolewa, na neva zinazoharakisha moyo na kubana mishipa zinaamshwa. Mwaka wa 1970 watafiti Epstein, Fitzsimons na Rolls walichapisha habari za panya ambao walitiwa angiotensini kidogo sana ndani ya ubongo. Panya hao walikuwa wameshakunywa na kutosheka, lakini walikwenda kwenye maji na kunywa tena kwa pupa.

Mnaona basi maana ya kichwa cha makala hii? Mjumbe mmoja anapandisha presha, na mjumbe huyohuyo analeta kiu. Kazi hizo mbili zimeungana kwa sababu haja ni moja: kuijaza mishipa iliyopungukiwa. Kukaza mishipa ni msaada wa papo hapo, kunywa maji na kula chumvi ni msaada wa kudumu.

Hili linaeleza pia kwa nini mtoto mwenye kuhara hapewi maji matupu peke yake, bali ile dawa ya vipakiti yenye chumvi na sukari. Amepoteza vyote viwili, na vyote viwili vinatakiwa virudi. Sukari imo kwa sababu husaidia chumvi kupenya utumboni, na maji yakaifuata.

Jambo moja zaidi kuhusu ubongo. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba ubongo hautegemei barua kutoka nje tu. Seli zake zenyewe hutengeneza angiotensinojeni, na vipokezi vya angiotensini vipo hata ndani ya ua. Katika panya wenye presha ya kurithi, ukivizuia vipokezi hivyo ubongoni presha hushuka. Wataalamu bado wanabishana kama ubongo una renini yake ya kutosha, lakini kwamba ubongo ni mshiriki katika presha, hilo halibishaniwi tena.

5. Jinsi alivyopata jina

Kwa kuwa hili ni jarida la lugha, niruhusuni nisimulie habari ya jina. Mwaka wa 1898 huko Stockholm, Robert Tigerstedt na Per Bergman walisaga figo za sungura, wakawatia sungura wengine yale majimaji, na presha ikapanda. Wakaita kitu hicho renini, kutokana na neno la Kilatini la figo. Watu hawakukitilia maanani. Mwaka wa 1934 Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, aliibana kwa koleo ndogo mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa, na mbwa hao wakapata presha ya juu ya kudumu. Sasa dunia ikageuka kutazama.

Karibu na mwaka wa 1940 makundi mawili yalimgundua tarishi mwenyewe bila kujuana, moja la Eduardo Braun-Menéndez huko Buenos Aires, Argentina, na jingine la Irvine Page kule Indianapolis, Marekani. Waargentina wakamwita hipatensini, Wamarekani wakamwita angiotonini. Kwa miaka karibu 20 kitu kimoja kilikuwa na majina mawili. Mwaka wa 1958 viongozi hao wawili walipatana: wakachukua nusu ya jina la mmoja na nusu ya jina la mwingine, wakapata angiotensini.

Nimelisimulia hili kwa ajili ya wale wanaodhani istilahi zilishuka kutoka mbinguni zikiwa za Kiingereza. Istilahi hutengenezwa na watu, kwa kukaa, kubishana na kupatana. Nasi tukikaa tutatengeneza zetu.

6. Tarishi asiyepumzika

Sasa tufike penye uchungu. Mfumo huu ulitufaa sana zamani, chumvi ilipokuwa adimu na maji yakiwa mbali. Lakini siku hizi chumvi iko kwenye mkate, kwenye chipsi, kwenye vipande vya supu vya pakiti, na bado mtu huiongeza mezani kabla hajaonja.

Ushahidi mzuri uko hapa kwetu. Mwaka wa 1929 daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi Kavirondo Kusini, aliandika kwamba presha ya wenyeji aliowapima haikupanda kwa uzee kama ilivyopanda kwa Wazungu. Mwaka wa 1990 zilitangazwa habari za uchunguzi wa Waluo waliohama kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Wale waliohamia mjini presha yao ilipanda katika miezi ya mwanzomwanzo tu, na mkojo wao ukaonyesha kwamba uwiano wa sodiamu kwa potasiamu ulikuwa umeongezeka. Damu ni ya ukoo uleule. Kilichobadilika ni maisha na chakula.

Presha ya juu ina sababu nyingi, urithi, unene na mahangaiko yakiwemo, lakini katika watu wengi mfumo wa angiotensini una mkono wake. Tarishi anaendelea kupiga hodi na kusema "jikazeni, jikazeni" hali hakuna damu iliyomwagika. Mishipa iliyokazwa miaka na miaka hugeuka migumu. Moyo hutanuka kwa kazi nzito, figo huharibika, na siku moja mshipa wa ubongo huziba au hupasuka, mtu akapooza upande mmoja.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo penye tofauti ambayo nataka uondoke nayo. Maji yakipungua, mwili hupiga kelele: kinywa hukauka, kiu haikupi usingizi. Presha ikizidi, mara nyingi mwili hunyamaza kimya. Hakuna kiu ya presha. Aliye nayo anaweza kulima, kucheka na kucheza harusini. Atajuaje, ila kwa kupimwa?

Nyanya yangu mzaa mama ana presha. Likizo moja nilimkuta ameacha kumeza dawa. Nikamwuliza, "Nyanya, mbona vidonge vimebaki vingi hivi?" Akanijibu, "Mjukuu wangu, dawa ni ya mgonjwa. Mimi kichwa hakiniumi, wala sisikii kizunguzungu. Tena hizo dawa zako zinanikohoza usiku kucha. Nimeziacha, nimekuwa mzima." Ukimsikiliza, maneno yake yana akili. Kila ugonjwa mwingine aliowahi kuugua ulimwambia ulipokuja na ukamwaga ulipoondoka. Huu hausemi. Nilimweleza habari za tarishi anayepiga hodi kimyakimya, na mama akampeleka apimwe. Presha ilikuwa juu sana. Daktari hakumgombeza. Alimwambia kwamba kikohozi kile kinajulikana, akambadilishia dawa. Sasa anameza, na hakohoi.

7. Nyoka aliyeleta dawa

Kikohozi hicho kina hadithi yake. Huko Brazil kuna nyoka aitwaye jararaca. Anayeumwa naye presha yake huanguka ghafla. Mwaka wa 1965 Mbrazil Sérgio Ferreira alieleza kwamba sumu ya nyoka huyo ina vitu vinavyozuia kitu kingine cha mwilini, bradikinini, kisivunjwe. Baadaye ikaonekana kwamba kimeng'enya kinachovunja bradikinini ni kilekile kinachokata angiotensini ya kwanza kuwa ya pili. Ukikizuia, tarishi hazaliwi. Wanasayansi David Cushman na Miguel Ondetti wakatumia ujuzi huo kutengeneza kidonge, kaptoprili, kilichoidhinishwa Marekani mwaka wa 1981. Lakini bradikinini isipovunjwa hulimbikizana, na hudhaniwa kuwa ndiyo inayowakohoza baadhi ya watu kikohozi kikavu.

Nendeni nyumbani mkasome pakiti za dawa. Majina yanayoishia kwa "pril" ni ya ukoo huo, yanazuia tarishi asizaliwe. Yanayoishia kwa "sartan" yanamwacha azaliwe lakini yanaziba vipokezi, barua isisomwe. Haya hayaleti kikohozi mara nyingi. Ziko dawa nyingine za presha zisizopitia njia hii, na daktari ndiye anayejua ipi inamfaa nani. Kwa sababu hiyo vidonge vya presha havikopeshwi jirani kama chumvi. Hizo mbili nilizotaja, kwa mfano, zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni mwa mama mjamzito.

8. Maji nayo yakizidi

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kila mtu anywe maji mpaka ajae. Mwaka wa 2002 katika mbio za Boston, mbio ambazo Wakenya wetu Rodgers Rop na Margaret Okayo walishinda, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 baada ya kumaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya chini kuliko inavyotakiwa, hasa wale waliokuwa wamekunywa sana njiani hata uzito wao ukaongezeka. Katika mbio ndefu, uchovu na mahangaiko ya mwili huweza kuitoa vasopresini hata kama maji yametosha. Figo hufunga, maji hubaki, damu huchujuka, na seli za ubongo hufura. Mtu huweza kufa kwa maji.

Kwa kijana mwenye afya, mwonjaji wake ni mwaminifu: kunywa unaposikia kiu, acha inapokwisha. Na kiu hukoma mapema. Watafiti waliofuatilia seli za ubongo wa panya walionyesha mwaka wa 2016 kwamba seli za kiu hunyamaza mara panya anapoanza kunywa, kabla maji hayajafika katika damu. Ubongo hukadiria kile kinachokuja.

Lakini wako ambao mwonjaji wao amezeeka. Kwa wazee kiu hufifia, na mzee anaweza kukaukiwa bila kuomba maji. Mletee kikombe bila kungoja aseme. Na ninyi mnaokataa kunywa asubuhi nzima kwa kuogopa foleni ya choo, jueni kwamba mnamfanyisha tarishi kazi ya ziada, na kichwa kinachouma wakati wa hesabu mara nyingine ni kiu tu.

Chumvi je? Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyofichwa katika vyakula vya dukani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu aliyetoka jasho jingi na mtu aliyevuja damu wote husikia kiu, ingawa damu zao hazikukolea chumvi sawasawa?
2. Taja viungo vinne ambavyo huhusika ili angiotensini ya pili izaliwe na kusomwa ubongoni, na ueleze kazi ya kila kimoja.
3. Mbuzi wa Andersson hawakuwa na upungufu wa maji. Walikunywa kwa nini?
4. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya dawa za "pril" na za "sartan".
5. Mzee mmoja asema, "Sina dalili yoyote, kwa hiyo sina presha." Mjibu kwa heshima, kwa Kiswahili sanifu, kwa sentensi tatu.

Swali la tano msilijibu daftarini tu. Lichukueni likizoni, mlijibu mbele ya mzee mwenyewe, kisha mfuatane naye akapimwe. Heri kinga kuliko tiba. Kwaherini.